Namna ya kujijali bila kugeuka mchoyo: maelezo kwa anayeanza

Msimu wa alizeti ukifunguka, mwishoni mwa mwezi wa tano, simu yangu inaita kuliko mashine inavyonguruma. Nina mashine ndogo ya kukamua mafuta hapa Kizota, Dodoma mjini, huu mwaka wa kumi na moja, na ukoo mzima unajua kwamba mwezi wa sita Mama Zuhura ana hela. Ikifika mwezi wa pili, stoo imebaki vumbi na umeme wa LUKU naweka wa elfu mbili mbili, hapigi mtu.

Mwaka fulani nilikuwa na mpangaji, kijana anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Wakati huo michango ya harusi, vipaimara na misiba nilikuwa naiandika kwa mkaa ukutani, nyuma ya mlango wa stoo. Siku moja amekuja kulipa kodi, akasimama pale akahesabu. "Mama, watoto wako wawili. Hii michango kumi na saba ni ya nani?" Nikacheka, nikamwambia aache umbea. Lakini usiku niliamka saa nane, nikawa naihesabu mwenyewe kichwani.

Yeye ndiye aliyenifungulia habari ya kujijali kwa akili, kwamba wako watu waliokaa wakaandika kuwa mtu kuyatumikia maisha yake mwenyewe si dhambi ya kuombea msamaha, ni wajibu, ili mradi atumie akili. Nilibishana naye msimu mzima. Yapo niliyoyakubali, yapo niliyoyakataa, na haya hapa ndiyo niliyobaki nayo baada ya kuyajaribu kwenye biashara na kwenye ukoo. Ukoo ni mgumu zaidi.

Anza na maneno, maana yanachanganya

Kiswahili kina matusi mengi kwa mtu anayejifikiria. Mchoyo ni yule ana sufuria ya ubwabwa, akisikia hodi anaifunika. Mwenye tamaa anataka kilicho cha mwenzake. Mbinafsi anajiona yeye tu, wengine ni ngazi. Sasa yule mama anayelala saa tatu usiku kwa sababu kesho ana kazi, anayekataa kukopesha mtaji, anayekwenda kupima presha kabla hajaanguka, tunamwitaje? Hatuna jina lake la haraka, kwa hiyo tunamtupia mojawapo ya yale matatu. Mimi namwita anayejijali, basi.

Tofauti hiyo ni ya zamani. Aristotle, yule Mgiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita alisema wanaojipenda wako wa aina mbili. Kuna anayejirundikia hela, sifa na starehe, na huyo anastahili kulaumiwa. Kuna anayejitakia kilicho bora na cha haki kupita vyote, naye huyo ndiye anayejipenda kwelikweli.

Anayetajwa sana siku hizi ni mwanamke, Ayn Rand. Alizaliwa St. Petersburg, Urusi, mwaka 1905, akiwa bado mdogo Wabolsheviki, wale wakomunisti wa Urusi, wakachukua duka la dawa la baba yake, na mwaka 1926 akahamia Marekani. Mwaka 1964 alitoa kitabu cha insha ambacho jina lake linauita ubinafsi kuwa fadhila. Alilichagua lile tusi makusudi. Mimi naona alijitafutia ugomvi wa bure. Huwezi kumpaka fisi chokaa halafu ukalalamika watu hawamnunui kama mbuzi. Ila ukivuka jina, anachosema ni hiki: maisha yako ndiyo kipimo cha lipi jema kwako, akili ndiyo chombo cha kuyaendesha, usijitoe kafara kwa ajili ya wengine na usiwatoe wengine kafara kwa ajili yako. Watu wakutane kama wafanyabiashara waungwana, nipe nikupe, kila mmoja kwa hiari yake.

Rudia ile sehemu ya *usiwatoe wengine*. Wengi wanaompenda huyu mama wanaishia nusu ya kwanza.

Kuna kosa jingine la mwanzoni. Mtu atakuambia, "Aah, kila binadamu anajijali tu, hata anayetoa sadaka anatafuta thawabu." Hiyo ni habari nyingine kabisa. Yeye anasema watu *wako* hivyo. Hapa tunauliza kama *inafaa* wawe hivyo. Halafu hata hiyo ya kwake haisimami. Jirani yangu aliwahi kumbeba mtoto wa watu usiku wa manane hadi hospitali, kwa miguu, mvua inanyesha. Ukiniambia na hilo lilikuwa maslahi yake, basi neno maslahi umelimalizia ladha. Ukishakiita kila chakula chumvi, mlenda utautia nini?

Jua ni nafsi ipi unayoitumikia

Hapa ndipo penyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa pili kazini, bei ya alizeti ilipanda ghafla. Wakulima wa Chemba na Kongwa walikuwa wameshauza, mzigo ukawa mikononi mwa walanguzi. Dumu la lita 20 likawa linaniachia faida ya elfu tano, na hiyo nikikamua usiku kucha. Mtu akanionyesha njia: changanya mawese ya bei nafuu. Rangi inakaribiana, na harufu ya alizeti ni kali, inaifunika ile nyingine. Nikachakachua. Kwa kila dumu nikawa naongeza elfu nne juu ya faida yangu.

Ambacho sikukifikiria ni mwezi wa saba. Anayeijua Dodoma anajua asubuhi za mwezi wa saba, upepo unakata masikio, watoto wanakwenda shule na masweta mawili. Alizeti tupu inaivumilia baridi ile. Mawese yanaganda. Mteja wangu mmoja, mama lishe, aliyekuwa anachukua madumu mawili kila wiki, alikuja saa moja asubuhi na dumu kichwani. Hakupiga kelele. Aliliweka chini, akafungua kifuniko, akaniambia, "Chungulia, mama." Chini kulikuwa na utando mweupe mzito kama uji uliolala. Akachukua kijiti, akakizamisha, akakitoa na kile kitu kimening'inia. Akakipangusa kwenye ukingo wa pipa langu, taratibu, akaondoka na dumu lake. Hata hela hakudai.

Sasa tufanye hesabu. Madumu mawili kwa wiki, faida halali elfu tano kila moja, ni elfu kumi. Mwaka una wiki 52. Shilingi 520,000 kwa mteja mmoja, kwa mwaka mmoja. Nilizibadilisha kwa 8,000 za wiki moja. Tena huyo ni yeye. Sijamhesabu shoga yake wa meza ya jirani.

Ile siku nilielewa kwamba nilipochakachua sikuwa nimejijali. Nilikuwa nimemwibia mtu mmoja anaitwa mimi wa mwakani. Tena yeye hana simu ya kunipigia, wala hawezi kuja getini kulia. Kwa hiyo ukitaka kuanza, fanya hivi: nunua daftari la kurasa 80, kila uamuzi wa hela au wa muda unaokutoa jasho uandike mara mbili. Kushoto, ananufaika nani leo. Kulia, huyohuyo atakuwa wapi msimu ujao. Usiandike maneno mazuri, andika kiasi. Wiki tatu za mwanzo utaona aibu, maana utagundua adui wa maslahi yako wala si ndugu wanaoomba. Kwangu ilikuwa vitenge vya mkopo na kulala na simu mkononi.

Adam Smith, mwanafalsafa wa Uskoti, aliandika mwaka 1776 kwamba chakula chetu cha jioni hatukitegemei huruma ya mwenye bucha wala mwoka mikate, tunategemea wao kuyaangalia maslahi yao. Kweli kabisa, na mama lishe wangu hakuwa ananunua kwangu kwa kunionea huruma. Lakini ujue mtu huyohuyo, mwaka 1759, alikuwa ameshaandika kitabu kizima juu ya jinsi binadamu tunavyoguswa na hali za wenzetu. Hakuona tabu kushika yote mawili. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga walikuwa na soko lao pia.

Swali litakalokusumbua: na kama hakuna atakayejua?

Mawese yaliniumbua kwa sababu ya baridi. Tuseme yasingeganda.

Plato, Mgiriki mwingine wa kale, alisimulia habari ya mchungaji wa nchi ya zamani ya Lidia aliyeokota pete, akiigeuza haonekani. Akaishia kumuua mfalme na kuchukua ufalme. Swali lake ni kwamba mtu mwenye pete hiyo ana sababu gani ya kuwa mwema? Sokoni pete hizo ziko nyingi. Kuna debe lililobonyezwa kitako kwa ndani. Kuna lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo chake. Kuna mizani inayokula kilo mbili kila gunia, na mkulima aliyetoka mbali na lori la usiku hana namna ya kupima upya, na pengine hutamwona tena maishani.

Watu wa kujijali kwa akili wanajibu hivi: anayeishi kwa kuficha anakuwa mtumwa wa ujinga wa wengine. Kila siku inabidi awaogope wenye macho, na akili yake inatumika kulinda uongo badala ya kufanya kazi. Ni jibu zuri. Mimi nimeliishi miezi miwili, ile ya mawese, na kweli nilikuwa nashtuka kila mtu akifungua dumu mbele yangu.

Ila linafika katikati ya daraja tu. Wapo wanaopunja miaka thelathini na wanalala fofofo, nawajua. Hapo yule mpangaji na mimi hatukuelewana mpaka anahama. Mizani yangu haikosei kwa sababu naamini yuko Mwenye kupima asiyehitaji LUKU. Wewe kama huna hilo, tafuta lako la kuweka hapo, ila usijidanganye kwamba hesabu peke yake italiziba lile pengo.

Jinsi ya kukataa ndugu

Sasa turudi kwenye simu.

Najiuliza maswali matatu kabla sijatoa. Je, mtu huyu au jambo hili lina nafasi katika maisha ninayotaka kuishi, au naogopa tu kusemwa? Hela hii inatoka kwenye matumizi au kwenye mtaji? Na la tatu ndilo linalofichua: ningetoa kama jina langu lisingesomwa kwenye kundi la kamati? La tatu peke yake lilinifutia michango sita kati ya ile kumi na saba.

Mdogo wangu alinipigia mwezi wa sita mmoja. "Dada, shikamoo." Marahaba mdogo wangu. Akazunguka kwenye mvua, kwenye afya ya mama, kwenye Yanga, kisha akatua: laki nane, atangulize malipo ya bajaji, atarudisha baada ya miezi mitatu. "Na ya kutolea, dada." Zamani ningesema nitaangalia, halafu ningezima simu siku nne. Kufanya hivyo ni kudanganya, na kunachosha kuliko kukataa. Nilimwambia, "Mdogo wangu, laki nane ninazo. Ni za kununulia magunia wiki ijayo, na bila magunia mashine inasimama. Sikukopeshi. Nina laki moja ya kukupa, hiyo usiirudishe."

Ona mambo matatu pale. Sikusema sina. Nilimtajia hela ina kazi gani. Na nilitoa zawadi badala ya mkopo, kwa sababu hela ambayo huwezi kuisamehe usimkopeshe ndugu. Utapoteza hela na ndugu kwa siku moja.

Ningependa kukuambia kwamba alinishukuru. Alikasirika miezi minane. Baadaye alipata bajaji kwa mkataba kutoka kwa mtu mwingine, anapiga njia ya Nkuhungu, na mpaka leo akipita getini kwangu hapigi honi. Hiyo ni bei, na lazima uiandike kwenye daftari upande wa kulia pamoja na mengine.

Ukiambiwa kwamba kujijali ni kuusaliti ujamaa, kumbuka kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, aliukumbusha ule msemo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtoto wa shangazi yangu alikuja kwa wiki mbili, akafikisha mwezi wa tatu. Nikampa koleo, akawa anapakia mashudu kwenye magunia ya wafugaji. Siku ya nne akakumbuka kwamba kwao kuna shughuli.

Mama yangu simwingizi humo

Wenye falsafa hii wanasema ukimsaidia unayempenda hujajitoa kafara, kwa sababu yeye ni sehemu ya mambo unayoyathamini. Kwa mantiki ni sawa. Kwa mwezi namtumia mama yangu Kondoa elfu sabini, na kwa kweli zile hazijawahi kuniuma.

Lakini mtaji wangu wa kwanza ulikuwa mbuzi wake kumi na wawili. Aliwauza mnadani kwa siku moja, hakuniuliza nitarudisha lini, na alitembea kurudi nyumbani na kamba zao mkononi. Fikra zote hizi za nipe nikupe zinaanza na mtu mzima amesimama dukani, mikono yote miwili imejaa, hadaiwi na mtu. Nani alimnyonyesha? Mkono mtupu haulambwi, haya, ila kuna waliotulamba sisi tukiwa na mikono mitupu kabisa. Ayn Rand alikuwa mwanamke mwenye akili nyingi na hakuwa na mtoto. Simlaumu, ila sehemu hii kwake naona nyembamba.

Kwa hiyo ushauri wangu: watu wako wawili, watatu au wanne, wale ambao bila wao usingekuwepo, watoe kwenye hesabu kabla hujaanza hesabu. Ukianza kumpigia mama hesabu umeshapotea njia.

Kwenye vya wote, hesabu ya mmoja haitoshi

Kondoa kwetu kuna makorongo unayoweza kuficha basi. Wazee walikuwa na ng'ombe na kila mmoja alipiga hesabu yake sawasawa: nikiongeza ng'ombe mmoja, maziwa ni yangu, malisho ni ya wote. Ongezea na mashamba yaliyofyekwa milimani, udongo ukaondoka na mvua. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Iliwauma watu sana. Mama bado anakutajia majina ya ng'ombe waliohamishwa. Majani yalirudi.

Pale hakukuwa na mpumbavu. Kila mmoja alijijali, na jumla ikawa hasara ya wote. Thomas Hobbes, Mwingereza, mwaka 1651 alikwishaliona: hao hao wanaojijali, wakitumia akili sawasawa, watakubaliana kufungwa na sheria moja, mradi na wenzao wafungwe. Ukitaka kuona hilo likifanya kazi, njoo Jumamosi kwenye kikoba chetu. Tuko ishirini na tano. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu tofauti ambao hawakai nyumba moja. Ukichelewa, faini elfu moja, na mwenyekiti amewahi kulipa. Mkopo huupati mpaka wadhamini wako wawili waweke hisa zao. Hakuna mahali kwenye katiba yetu palipoandikwa tupendane. Na bado mwaka ambao mwenzetu alilazwa, mfuko wa jamii ulikuwa na hela ya kumtoa, kwa sababu mwaka mzima kila mtu alikuwa amelinda hela yake.

Kwa hiyo kwenye kisima cha mtaa, kwenye kikoba, kwenye njia ya maji ya mvua mnayochangia, usijiulize tu unanufaikaje wewe. Jiulize kanuni gani ungetaka iwafunge wote, halafu uwe wa kwanza kufungwa.

Kwa vitendo, jana

Jana imeletwa kadi. Single elfu hamsini, double laki moja, na mwanakamati akanisimamia nitaje ahadi hapo hapo. Nikamwambia anipe hadi leo. Usiku nikafungua daftari. Bibi harusi aliwahi kukaa kwangu likizo mbili, nilimfundisha kuchuja mafuta na yeye akanifundisha kutuma hela kwa simu bila kumpa mtu namba ya siri. Hela ya mtaji sijaigusa. Ningetoa hata kama hawasomi jina. Nimeandika elfu hamsini, ya peke yangu, na dumu moja la lita 20 kwa ajili ya jiko, lililotuama siku nne. Mwanakamati amepiga asubuhi hii anauliza mbona sijachukua double wakati mzee yupo. Mzee atakaa nyumbani. Jumamosi hiyo kuna mzigo unashuka kutoka Chemba, na lazima mtu awe mizanini.